Mstari Aliouruka Limi

Watu wa Songwa wanaomfahamu Limi binti Ndaki watakusimulia kwanza habari ya redio. Alikuwa bado msichana mdogo. Baba yake alirudi kutoka Mwadui na redio mpya ya betri, na kabla familia haijaisikiliza hata taarifa ya habari ya jioni, Limi alikwisha kuifungua kwa ncha ya kisu, akimtafuta mtu anayesema humo ndani. Alichapwa. Kesho yake alipoulizwa amejifunza nini, alijibu kwamba amejifunza kuwa ndani hamna mtu, kuna nyaya tu, na kwamba sasa anataka kujua huyo mtu yuko wapi. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini, na suala la redio likaishia hapo.

Msichana huyo sasa anaitwa Mama Generosa, na ana duka la steshenari karibu na uwanja wa mnada. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anawachapia vijana barua za kuomba kazi migodini. Udadisi wake haujapungua hata chembe. Ukimpelekea simu iliyozimika, haulizi utamlipa nini. Anauliza ilizimikaje, ulikuwa wapi, ulisikia mlio gani. Wateja wenye haraka huenda kwa jirani. Yeye hubaki na simu na maswali yake, ameridhika kabisa.

Baba yake, mzee Ndaki, ni manju, mwimbaji kiongozi wa kundi la Bagalu. Kwa asiyejua, ngoma za Wasukuma zina vyama viwili vya tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno vyama hivyo hupambana. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, siku moja, kila moja upande wake, na yote hupiga kwa pamoja. Hakuna majaji wa kukaa mezani na chupa za maji. Watu wenyewe ndio majaji, na huamua kwa miguu: wanamkimbilia anayewavutia, akiwachosha wanahamia ng'ambo, na jua likizama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Ni hukumu ya kikatili, maana anayeshindwa haletewi matokeo kwenye bahasha, anatazama migongo ya watu.

Mzee Ndaki alikuwa ameitazama migongo hiyo miaka mingi. Mpinzani wake alikuwa Mayala, manju wa Bagika, mtu wa kitongoji cha pili. Mwaka mzima wawili hao walisalimiana vizuri na kusaidiana ng'ombe anapokwama matopeni, lakini msimu wa ngoma ukifika hakuna aliyekunywa hata maji nyumbani kwa mwenzake, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ana dawa ya kuvuta watu. Mwaka jana watu wenyewe walikuwa hawapo. Vijana wamekwenda kutafuta dhahabu Bugarama na Geita, na Mayala alishinda kwa wazee, akina mama na mbuzi kadhaa waliopotea njia. Jioni ile Ndaki alitangaza kwamba akiimbia tena migongo, ataitundika ngoma yake darini na hataishusha. Limi alijua baba yake hatishii. Alikwisha kuwaona wazee walioacha kuimba, wanavyokaa mlangoni wakiuliza leo siku gani, na wazo la kumwona baba yake hivyo lilimtia hofu kweli.

Basi msimu huu Limi akaamua kuwatafuta vijana huko waliko, yaani kwenye simu. Alikuwa na ukurasa wake wa mtandaoni wa matukio ya wilaya yao ya Kishapu: minada, ligi ya mpira, mikutano ya injili, harusi za wanaopenda kujionyesha. Akatengeneza bango la ngoma lenye rangi za kuumiza macho, siku na mahali vimeandikwa kwa herufi nene, akaliweka. Kisha akajifanya kijana wa Bugarama mwenye wikiendi tupu: akauliza mtambo wa kutafuta, ngoma Shinyanga Jumamosi. Vikaja visanduku vizuri, kila kimoja na jina la tukio, tarehe, saa na mahali. Tamasha Mwanza. Mkutano wa injili Shinyanga mjini. Ngoma ya Songwa hakuna, wala dalili yake.

Mwingine angekasirika. Limi alijiuliza swali moja tu, na likamkosesha raha: hivyo visanduku vinajuaje? Nani ameviambia kuwa ile ni tarehe na si namba ya simu?

Akapanda gari kwenda mjini kununua wino wa mashine, akaishia kwa Nuruddin, fundi wa kompyuta ambaye huwatania wateja wake wote na hukasirika asipotaniwa. Nuruddin aliliangalia bango, akalisifia, kisha akamwambia kuwa mtambo hauna macho. Kwake bango lile ni kitambaa cheusi. Akaufungua ukurasa wa ule mkutano wa injili, akaonyesha kilichomo chini yake, pale msomaji wa kawaida hafiki. Kulikuwa na mistari michache ndani ya mabano yaliyojikunja kiunoni, na kila mstari ulikuwa na lebo na jibu lake. Jina la tukio, hili. Siku ya kuanza, hii. Mahali, hapa. Watumbuizaji, hawa.

Limi aliuliza mistari hiyo inasomwa na nani, akaambiwa mtambo. Akauliza kama watu wanaiona, akaambiwa hawaioni. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama jambo hilo ni halali.

"Halali, ila lina sharti," Nuruddin alisema. "Unalounong'onezea mtambo liwe ndilo unalowaambia watu hadharani. Ukisema mawili, utakufuta, na hautakuambia kosa lako."

Limi alirudi Songwa amefurahi kama mtu aliyeokota almasi, bila wino.

Jioni alikwenda kwa baba yake na daftari, maana lebo zinataka majibu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alimwuliza ngoma ni Jumamosi ipi, mzee akasema pamba ikishauzwa. Limi akasema mtambo unataka tarehe. Wakapata tarehe. Akauliza saa ngapi, mzee akasema ng'ombe wakitoka kunywa maji, na Limi akageuza hilo kuwa saa tisa alasiri, akakumbuka pia kwamba mtambo huhesabu saa tangu usiku wa manane. Akauliza inaisha lini. Mzee akamtazama kwa huruma: inaisha mmoja akishindwa, itaishaje kabla? Akauliza mwandaaji ni nani, ikaonekana hakuna mwandaaji, kuna watu wawili wasiokubali kushindwa.

Ilipofika lebo ya watumbuizaji, Ndaki alikaza uso. Jina lake liandikwe. La Mayala la nini? Yeye ampigie debe mpinzani wake? Isitoshe, jambo lenyewe halikumpendeza, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Limi akamjibu kwa adabu kwamba siku hizi chema kinabaki nyumbani kinaota ukungu, na kibaya ndicho kinachozunguka kwenye simu. Kisha akaeleza lile sharti la Nuruddin, na kwamba mpambano wa mtu mmoja ni uongo. Mzee alifikiri. Yeye ni mfugaji, na akapata mlango wa kuingilia.

"Kumbe ni chapa," alisema. "Ng'ombe hasemi ni wa nani, chapa ndiyo inasema. Sasa ukimpiga ng'ombe chapa ya uongo, mayu, mama yangu, hata ukimla hashuki vizuri. Mwandike."

Akamwandika, kwenye mistari na kwenye bango pia. Kesho yake aliipitisha mistari yake kwenye kipimo kimoja cha mtandaoni kinachokagua makosa. Kikatoa alama ya kijani, na chini yake maonyo ya njano, yasiyozuia kitu: kuna mistari ya hiari haijajazwa. Limi, kwa kuwa ni Limi, aliisoma yote. Mmoja ulihusu hali ya tukio. Maelezo yalisema kwamba hapo huandikwa kama tukio lipo kama lilivyopangwa, au limeahirishwa, au limefutwa, na kwamba likiahirishwa usiufute ukurasa. Badilisha mstari huo, ili wanaotafuta wajue.

Hapo udadisi wake ulikutana na malezi yake, na malezi yakashinda. Kwao, jambo jema halitayarishiwi maneno ya kuharibika kwake. Ukianza kutaja kuahirishwa kwa ngoma ambayo haijapigwa, umeiita balaa kwa jina, na huo ni uchuro. Limi ni mtu wa kompyuta, lakini ni Msukuma pia. Mstari ule akauruka.

Baada ya siku chache kisanduku kikatokea. Jina la ngoma, Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja wa mnada Songwa, Ndaki na Mayala. Limi alikitazama kwa muda mrefu, akakifunga, akakitafuta tena kuona kama bado kipo. Simu zikaanza kuja kutoka Bugarama, vijana wakiuliza kama kuna pa kulaza pikipiki. Hata mzee Mayala alikuja dukani, akiwa amesikia. Limi alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba kuonyeshwa. Aliliangalia jina lake lililokaa jirani na la Ndaki, akatabasamu.

"Wabeja, mayu," alishukuru. "Baba yako mjinga. Ningekuwa mimi, nisingemwandika."

Alhamisi ya wiki ile Mayala alianguka akiwa zizini, na hakuinuka. Presha, walisema hospitali.

Ngoma zote za Songwa, za Bagika na za Bagalu, ziliingizwa ndani na kulazwa kifudifudi, maana penye msiba ngoma haitoi sauti, wala haitajwi. Limi alikwenda kwa Zipora, mjane wa Mayala, akamkuta ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, hana machozi tena. Alirudi dukani, akaufungua ukurasa wake, na bango likamrukia usoni na rangi zake zote: wachezaji wanaruka, jina la marehemu limeandikwa kwa manjano. Aliona aibu hasa. Akafanya kile ambacho kila mtu alikuwa amekifanya na ngoma yake. Akaulaza ukurasa kifudifudi; akaufuta wote, mistari na bango, na moyo wake ukatulia kidogo.

Mazishi yalikuwa Jumamosi asubuhi. Watu walikuwa bado wanakula chakula cha msibani pale zilipoanza kusikika pikipiki. Kwanza chache, halafu nyingi, kisha Fuso limejaa vijana waliosimama, wamevaa mashati ya maua, mmoja ana tarumbeta la plastiki la mpirani. Walipita barabarani mbele ya nyumba ya marehemu wakiimba, wakielekea uwanja wa mnada. Nyuma yao Noah mbili, kisha pikipiki tena. Tangu Limi apate akili hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakiingia Songwa siku isiyo ya mnada.

Alielewa palepale. Mtambo hauji kila siku kutazama. Ulikuwa umebeba nakala ya ile mistari, na nakala haikujua kuwa ukurasa umefutwa. Na nani afungue ukurasa, ikiwa kisanduku kimekwisha kumpa siku, saa na mahali? Angeandika neno moja tu, imeahirishwa, walau mtambo ungekuwa na jambo la kweli la kusema ukirudi, na yeyote aliyefungua ukurasa angelisoma. Alichokuwa amekiacha ni kimya, na kimya hakina lebo.

Msibani watu walianza kunong'ona. Jina la Ndaki lilikuwa kwenye kisanduku, binti yake ndiye aliyekiandika, mpinzani amezikwa asubuhi, na mchana uwanja umejaa. Mzee mmoja wa Bagika alilisema kwa sauti ya kutosha kusikika: kufa kufaana. Limi alitamani ardhi ipasuke. Alimwendea baba yake, akapiga goti, akamwambia yote, mstari ule na uchuro na kufuta. Ndaki hakumkaripia. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli wamejaa. Limi akasema wamejaa. Mzee akachukua fimbo yake, akaondoka kwa miguu, na nusu ya msiba ikamfuata kwenda kuona atafanya nini.

Uwanjani vijana walikuwa wamejipanga kwa mazoea, kuzunguka upande wa mashariki, ambao ndio upande wa Bagalu, kwa kuwa jina la Ndaki ndilo lililotangulia kwenye kisanduku. Walipomwona walishangilia. Umati ule wote, vijana wa Bugarama na Geita na wasichana waliokuja nao, nyuso zao zilimwelekea yeye. Hakuna hata mgongo mmoja. Limi, aliyesimama ukingoni, alimwona baba yake akisimama kidogo, akiwaangalia. Alijua ni miaka mingapi alikuwa ameisubiri picha hiyo, na akaumia kwa ajili yake.

"Leo hakuna ngoma," Ndaki alisema, na waliokuwa mbele wakapeleka maneno nyuma. "Mwenye upande ule tumemzika asubuhi. Mmetoka mbali kuja kuamua, na mgeni hafukuzwi. Amueni."

Akawapa kisogo, akavuka uwanja polepole na fimbo yake, akaenda kusimama upande wa magharibi, upande wa Mayala, peke yake. Yule kijana wa tarumbeta ndiye aliyemfuata kwanza, tarumbeta kwapani. Kisha wengine, bila kelele, vumbi likiinuka miguuni, mpaka upande wa mashariki ukabaki mtupu kabisa. Hata yule mzee wa Bagika alivuka. Walisimama hivyo kwa kitambo, hakuna aliyepiga kofi, halafu Ndaki akawaomba wapitie msibani wakale, maana chakula kilikuwepo na mchimbaji hajui atakula lini tena.

Kwa hiyo Mayala alishinda tena, na hakuna aliyetia neno. Jioni ile Ndaki aliitundika ngoma yake darini. Limi alipomwuliza, alimjibu kwamba aliahidi, ameshindwa, basi. Hakuonekana na huzuni, na hilo ndilo lililomtisha zaidi binti yake, kwa sababu asubuhi zilizofuata alimkuta amekaa mlangoni, na mara moja alimwuliza leo siku gani.

Limi aliurudisha ukurasa. Akaondoa bango, akaandika hadharani kwa herufi za kawaida kwamba ngoma imeahirishwa kwa sababu ya msiba wa mzee Mayala, na chini, kwenye mistari ya siri, akaujaza ule mstari aliouruka. Kisanduku kilichukua muda wake, kisha kikabadilika. Alikuwa anataka kujua kama kitabadilika, akajua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kujua hakukumfurahisha. Lebo ya watumbuizaji ilimsumbua. Jina la marehemu hakuweza kuliacha, maana si kweli tena. Akaliondoa, na mpambano ukabaki na mtu mmoja, ambaye naye ameitundika ngoma yake.

Matanga yalipokwisha, Zipora alikuja dukani kutoa fotokopi ya cheti cha kifo. Limi alimwamkia, akamwomba radhi kwa ajili ya siku ile, akiwa hawezi kumtazama. Zipora alisema kuwa alikuwa ndani na wanawake, aliwasikia wakipita na kuimba, akakasirika. Baadaye akaambiwa walisimama upande gani. Kisha akaomba aonyeshwe kile kisanduku ambacho mumewe alikwisha kukisifia nyumbani. Limi akamwonyesha, akamweleza mistari iliyoko chini yake, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoelezwa na Nuruddin. Zipora aliuliza maswali mazuri. Alipofika kwenye ule mstari wenye jina moja, aliweka kidole juu ya kioo.

"Hapa pembeni ya baba yako, niandike mimi."

Limi alidhani hakuelewa. Akamwuliza, kwa heshima, kama anaimba.

"Mayala alikuwa na sauti," Zipora alisema. "Maneno ya nyimbo, mwanangu, ulidhani aliyatoa wapi?"

Limi hakufunga hata mlango wa duka. Alimkuta baba yake mlangoni pake, akampa habari yote kwa pumzi moja. Mzee Ndaki alibaki amekaa, midomo ikicheza, akizipitia zile nyimbo za Bagika zilizomgeuzia watu migongo msimu baada ya msimu, mstari kwa mstari, akitafuta ndani yake alama za Zipora. Kisha akaanza kutikisa kichwa. Akamwambia Limi alete ngazi, na aulizie kwa wachinjaji kama kuna ngozi nzuri, kwa sababu ile ya darini imelegea.

"Basi mwaka huu napigwa vibaya," alisema, akiwa tayari ameinuka, na Limi akakimbilia ngazi huku akijiuliza itakuwa Jumamosi ipi.